Jaribio la Ukungu kwenye Mkate: Mwongozo Kamili kwa Aliyejaribu Akashindwa

Kila msimu wa maonyesho ya sayansi shuleni naletewa mikate ileile. Kuna mkate uliokaa wiki nzima ukiwa mweupe kama siku uliponunuliwa. Kuna uliooza ukawa uji. Na kuna ule unaoniumiza kichwa zaidi: slesi moja iliwekwa dirishani, nyingine kabatini, ya dirishani haikuota chochote, na mwanafunzi akaandika kwa herufi kubwa kwamba mwanga wa jua huua ukungu. Niliishika ile slesi ya dirishani. Ilikuwa imekauka kama kigae. Mwanga ulipewa sifa isiyo yake.

Jaribio hili huonekana jepesi kwa sababu ukungu huota wenyewe hata usipoalikwa. Ukitaka ukujibu swali, lazima uwabane washukiwa wengine wote ili abaki mmoja. Kwa hiyo hapa tunauliza swali moja tu: je, maji yaliyomo kwenye mkate ndiyo yanayoamua kama ukungu utaota?

Nitatumia neno ukungu. Wa Pwani mnaweza kusoma koga, na kitabuni mtaukuta ukiwekwa kwenye kundi la kuvu. Mambo ni yaleyale.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya vyote kabla hujanunua mkate. Mkate ukishanunuliwa, saa inaanza kuhesabu.

- Mkate mmoja wa slesi usio na dawa ya kuhifadhi, uliookwa siku hiyohiyo
- Vikopo 12 vya plastiki vinavyoonyesha ndani, vyenye mfuniko bapa na ujazo wa ml 250 au zaidi, vifupi kadiri utakavyopata
- Selotepu pana
- Bomba la sindano la ml 5, bila sindano yenyewe (duka lolote la dawa wanalo)
- Maji yaliyochemshwa yakapoa
- Kikaango kikavu kisicho na mafuta
- Mzani wa jikoni, au wa maabara ya shule
- Kisu, ubao wa kukatia, rula
- Karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, kama ile ya kufunikia ripoti, na maka peni
- Kipimajoto cha chumba
- Boksi la katoni litakalotosha vikopo vyote
- Glovu, barakoa na daftari
- Simu yenye kamera, ukiweza kuazima

Vifuko vya plastiki vyenye zipu vinatajwa sana katika maelekezo ya kigeni, lakini usihangaike navyo. Kwetu havipatikani kirahisi, na pia vinagusa mkate na kuufuta ukungu kila unapovishika. Vikopo vya kufungashia keki au matunda ni bora. Ukikosa kabisa, kata chupa za maji za lita 1.5, chukua sehemu za chini zenye kimo cha sm 4 hivi, weka kipande cha plastiki bapa ndani ili mkate ukae sawa, kisha funika juu kwa karatasi ya plastiki na kuizungushia selotepu.

## Yasome haya kabla ya kushika kisu

Chombo kikishafungwa hakifunguliwi tena. Si kwa kunusa, si kwa kupiga picha nzuri, si kwa kumwonyesha mwalimu. Ukungu uliokomaa hutoa spora, yaani chembe ndogo sana ambazo ukungu mpya huota kutokana nazo, kwa maelfu, nazo huelea hewani na kuingia puani. Mwenye pumu au mzio wa vumbi aachiwe kazi ya kuandika na kuhesabu, asishike vikopo.

Usitumie mahindi, karanga wala unga wake. Najua ni vyakula vyetu na vinavutia, lakini hivyo ndivyo vinavyopendwa na kuvu watoao sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2004 mashariki mwa Kenya viliripotiwa vifo 125. Kupika kwa kawaida hakuiondoi. Mkate nao unaweza kuota kuvu wabaya, ndiyo maana tunaufunga na hatuufungui, lakini hakuna sababu ya kuanza na chakula chenye hatari kubwa zaidi.

Nyama, samaki, maziwa na maharage yaliyopikwa navyo viache. Humo bakteria watawahi kabla ya ukungu, na utabaki na harufu isiyoelezeka.

## Hatua ya 1: Chagua mkate unaokubali kuota

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, tena kabla hata jaribio halijaanza.

Mikate mingi ya viwandani huwekwa dawa ya kuzuia ukungu. Soma lebo. Ukiona neno lenye "propionate", au namba E282, au namba yoyote kuanzia E200 hadi E203, urudishe dukani. Mkate huo umetengenezwa ili jaribio lako lishindwe. Utakaa siku saba, nane, kumi ukiwa msafi, na wewe utadhani umekosea.

Nenda bekari ndogo ya mtaani inayouza mkate wa siku hiyohiyo, au oka nyumbani. Muulize muokaji moja kwa moja: "Umeweka dawa ya kuzuia ukungu?" Wengi hujibu bila kuficha. Kipimo cha mtaani ni hiki: mkate ambao wateja husema "huu haukai, kesho kutwa umeharibika" ndio unaoutafuta.

Chapati na maandazi yana mafuta, na mafuta huzuia maji kupenya sawasawa. Waachie wengine.

## Hatua ya 2: Elewa makundi manne

Usikimbilie kukata. Jaribio zima linasimama juu ya makundi haya:

Kundi A: mkate uliokaushwa kwenye kikaango.

Kundi B: mkate kama ulivyotoka bekari. Hili ndilo kundi la kulinganishia.

Kundi C: mkate kama ulivyotoka bekari, ukaongezewa maji ml 2.

Kundi D: mkate uliokaushwa kwenye kikaango pamoja na kundi A, kisha ukarudishiwa maji uleule uzito uliopoteza.

Kundi D ndilo ambalo sijawahi kulikuta kwenye meza ya mwanafunzi, na ndilo linalotenganisha jaribio na mchezo. Fikiria huna D. Siku ya 10 kundi A ni safi, kundi B limejaa ukungu. Unasema ukavu umezuia. Jaji anakuuliza: "Utajuaje si moto wa kikaango ulioua spora? Utajuaje mkate uliopashwa haukubadilika kwa namna nyingine?" Utasimama unatazama dari.

Ukiwa na D, una jibu. A na D vimepita moto mmoja, kikaango kimoja, dakika zilezile. Tofauti yao ni maji peke yake. D akiota na A asiote, moto umeachiwa huru.

Kila kundi lina vipande vitatu, kwa hiyo vikopo ni 12. Kwa nini vitatu? Kwa sababu spora hutua kwa bahati nasibu. Kipande kimoja kinaweza kuangukiwa na spora nyingi, cha pili chache sana. Ukiwa na kimoja tu kila kundi, hutajua kama umeona tabia ya ukungu au bahati ya kipande.

## Hatua ya 3: Kata na ugawe

Nawa mikono, vaa glovu, futa ubao na kisu. Ondoa gamba la kahawia, kisha kutoka kila slesi kata vipande vinne vya sm 5 kwa sm 5. Slesi ikiwa ndogo, kata sm 4 kwa sm 4, lakini vipande vyote 12 viwe sawa.

Unahitaji slesi tatu za katikati ya mkate, zenye unene uleule. Slesi ya kwanza inatoa A1, B1, C1 na D1. Ya pili inatoa A2, B2, C2, D2. Ya tatu vivyo hivyo. Usichukue slesi nzima ukaipa kundi moja. Slesi zinaweza kutofautiana, na tofauti hiyo ingejificha ndani ya matokeo yako bila wewe kuiona.

Andika herufi na namba kwenye vikopo, si kwenye mifuniko. Mifuniko hubadilishana.

Vipande vya B na C virudishe kwenye karatasi ya mkate na uifunge vizuri wakati unashughulika na A na D.

Umefaulu ukiona: vipande 12 vinavyofanana kiasi kwamba ukivichanganya huwezi kuvitofautisha.

## Hatua ya 4: Kausha A na D

Pima vipande vyote sita vya A na D kwa pamoja. Mzani wa jikoni hausomi vizuri kipande kimoja chepesi, lakini sita kwa pamoja unavisoma. Andika uzito.

Weka kikaango juu ya moto mdogo kabisa, bila mafuta. Panga vipande, vigeuze kila baada ya dakika mbili. Kwa kawaida huchukua dakika 15 hadi 20. Unataka mkate ukauke, usiungue. Ukianza kuwa kahawia, punguza moto au inua kikaango kidogo. Mkate ulioungua ni chakula kingine, na utakuwa umeongeza mshukiwa mwingine kesini.

Acha vipoe, kisha pima tena sita kwa pamoja.

Sasa hesabu. Tuseme vilikuwa gramu 48, vikabaki gramu 30. Maji yaliyopotea ni gramu 18. Gawa kwa vipande sita: gramu 3 kila kimoja. Gramu moja ya maji ni ml 1, kwa hiyo kila kipande cha D kitarudishiwa ml 3. Namba zako zitakuwa tofauti na hizi. Tumia zako.

Huna mzani? Rudisha ml 2 na uandike wazi kwenye ripoti kwamba umekadiria. Jaji anayeheshimu kazi yake hatakuadhibu kwa kusema kweli.

Umefaulu ukiona: kipande kinavunjika kwa mlio kama biskuti ukikijaribu pembeni. Kikipinda tu, bado kina maji, rudisha motoni.

## Hatua ya 5: Vipe vipande vyote hewa ileile

Ukungu hautoki ndani ya mkate. Joto la tanuri huua spora wakati wa kuoka, na zinazokuja kuharibu mkate hutua baadaye, wakati wa kupoa, kukatwa na kushikwa. Kikaango chako nacho kimefanya kazi ya tanuri kwa A na D. Kwa hiyo sasa unazirudisha kwa makusudi.

Panga vipande vyote 12 kwenye sinia safi, mezani, chumba cha kawaida chenye watu wanaopita. Feni izimwe. Viache dakika 30. Ikifika dakika ya 15, vibadilishe nafasi: vya pembeni viende katikati, vya katikati pembeni.

Usiache zaidi ya hapo. Miji ya Pwani ina unyevu mwingi hewani, na kipande kikavu cha A kitaanza kunywa maji hayo. Bara, hasa kiangazi, kinyume chake: B na C vitaanza kukauka.

Kuna wanaofuta sakafu au kitasa cha mlango kwa pamba kisha kuipaka kwenye mkate ili ukungu uje haraka. Utakuja kweli, na bakteria wa kila aina pamoja nao. Sipendekezi.

## Hatua ya 6: Ongeza maji, funga

Weka kila kipande kwenye kikopo chake. Kisha, kwa bomba la sindano, mpe kila kipande cha C ml 2, na kila cha D kiasi ulichohesabu. A na B hawapati kitu.

Dondosha tone kwa tone, ukizunguka kipande chote. Ukimwaga sehemu moja, upande mmoja utalowa chapachapa na mwingine utabaki mkavu, na utakuwa na majaribio mawili ndani ya kikopo kimoja.

Kwa nini maji yaliyochemshwa? Ya bomba yanaweza kuwa na klorini, ya kisima yanaweza kuwa na wadudu wake. Ya kuchemsha hayampendelei yeyote.

Sasa funga mfuniko na uzungushe selotepu mara mbili. Watu huuliza kama ukungu hautakosa hewa. Unahitaji oksijeni, ni kweli, lakini kipande kidogo ndani ya kikopo cha ml 250 au zaidi kina hewa ya kutosha kwa siku hizi chache. Usitoboe matundu. Tundu ni mlango wa sisimizi na wa spora kutoka.

Umefaulu ukiona: hakuna dimbwi la maji chini ya mkate. Likiwapo kwenye C, maji yalikuwa mengi mno kwa mkate huo. Rudia kwa ml 1 vipande vyote vya C.

## Hatua ya 7: Mahali pa kuweka

Panga vikopo kwenye boksi la katoni, funika, weka mahali penye kivuli pasipo na jiko wala friji karibu. Nyuma ya friji kuna joto, na anayeweka boksi hapo huwa hajui kwa nini upande mmoja umewahi.

Weka kipimajoto ndani ya boksi. Nyuzijoto 25 hadi 30 ni pazuri sana kwa ukungu wa mkate, na vyumba vingi vya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa vinakaa humo bila kusaidiwa. Ukiwa Njombe, Mbeya au Lushoto mwezi wa Juni au Julai, jiandae kusubiri. Huenda ukahitaji siku 14 badala ya 10. Hilo si kosa, ni joto dogo.

Kila siku ukishasoma, badilisha mpangilio wa vikopo ndani ya boksi.

Kuhusu sisimizi: weka miguu ya meza kwenye makopo yenye maji. Usipulize dawa ya wadudu. Panya naye anapenda mkate, na nimewahi kumliwaza mwanafunzi aliyekuta B zote tatu zimetafunwa usiku wa kuamkia siku ya sita. Weka jiwe juu ya boksi.

## Hatua ya 8: Tengeneza gridi na usome kila siku

"Ukungu mwingi", "ukungu kiasi", "ukungu kidogo". Maneno haya matatu yameua ripoti nyingi. Mwingi kwa macho ya nani?

Chukua karatasi ya plastiki, chora mraba wa sm 5 kwa sm 5, kisha ugawe viraba vya sm 1 kwa sm 1. Utapata viraba 25. Kila kiraba ni asilimia 4 ya kipande. Waliokata sm 4 watapata viraba 16, na kila kimoja ni asilimia 6.25.

Kila siku saa ileile, tuseme saa 11 jioni ukitoka shule:

1. Lete boksi kwenye mwanga. Usitikise vikopo.
2. Lalisha gridi juu ya mfuniko, mkate ukiwa chini ya mraba.
3. Tazama kwa jicho moja, kutoka juu kabisa, umbali wa rula ya sm 30. Ukitazama kwa mshazari, viraba vitahama.
4. Hesabu kiraba kama ukungu umefunika nusu yake au zaidi. Chini ya nusu, usihesabu.
5. Mwenzako ahesabu bila kuona namba yako. Andikeni wastani wa namba zenu mbili.
6. Piga picha kutoka kimo kilekile kila siku. Simu ikae juu ya vitabu vilevile.
7. Andika joto la boksi.

Viraba 7 ni 7 × 4, yaani asilimia 28. Mkate utaonekana mdogo kidogo kuliko gridi kwa sababu uko chini yake. Kama vikopo vyote vina kimo kimoja, kasoro hiyo ni sawa kwa wote na haiharibu ulinganisho.

Mfuniko ukiwa na umande ndani, hasa kwa C, ugonge taratibu kwa kidole matone yateremke. Usifungue!

Zingatia jambo hili: ukungu mchanga ni mweupe, na mkate ni mweupe. Wengi hukosa siku nzima ya kwanza ya ukuaji. Washa tochi ya simu, imulike kutoka ubavuni, chini kabisa, sambamba na uso wa mkate. Nyuzi nyembamba zitasimama kama manyoya. Siku utakayoziona ndiyo siku ya kuandika kwenye safu ya "kuonekana mara ya kwanza", hata kama viraba bado ni sifuri.

## Utakachokiona, siku kwa siku

Katika chumba cha nyuzijoto 28 hivi, mkate usio na dawa mara nyingi huenda hivi.

Siku ya 1 na 2: hakuna kitu, au umande tu. Usikate tamaa. Spora zinakunywa maji na kuchipua, lakini jicho haliwezi kuona.

Siku ya 3 hadi 5: pamba nyeupe, mara nyingi C akiongoza. Pamba ikipanda juu kwa haraka kisha ikawa na vidoa vyeusi kama vichwa vya pini, huenda ni ukungu mweusi wa mkate, yaani Rhizopus. Vile vidoa ndivyo vifuko vya spora. Ukiona duara la kijani au buluu lenye ukingo mweupe, fikiria jamii ya Penicillium. Njano au kijani ya unga inaweza kuwa Aspergillus. Nimesema inaweza. Kwa macho peke yake huwezi kuwa na hakika, kwa hiyo kwenye ripoti andika rangi na umbo, majina yaje na neno "unafanana na".

Ukikuta rangi ya chungwa inayong'aa na kuenea kwa kasi ya ajabu, zidisha selotepu. Aina hiyo, Neurospora, hutoa spora nyingi mno na ikitoka itavamia mikate yote ya nyumba.

Siku ya 5 hadi 10: B anashika kasi. D humfuata B, pengine kwa kuchelewa, kwa kuwa kikaango kilifagia spora zake za mwanzo na akabaki na zile za dakika 30 tu. A anakaa mkavu, mweupe, kimya.

Simama siku ya 10, au vipande viwili vya B vikishafunikwa kabisa. Kuendelea baada ya hapo hakuongezi jibu, kunaongeza spora.

## Mambo yakienda kombo

Hakuna kilichoota popote hadi siku ya 8. Soma tena lebo, au muulize tena muokaji. Kama chumba ni cha baridi, subiri. Kama ni cha joto, mkate una dawa. Anza upya kwa mkate mwingine.

C umekuwa ute, unanuka hata kupitia selotepu, na ukungu ni kidogo. Maji yalizidi, bakteria wamechukua nafasi. Usiufiche. Andika hivyohivyo, kwa sababu ni matokeo: maji kupita kiasi si lazima yaongeze ukungu. Grafu ya ukungu na maji haiendi juu milele.

A umeota. Ama haukukauka, ama kikopo kinavuja na unyevu wa hewa umeingia. Angalia kama ukungu umeanzia ukingoni karibu na mfuniko. Wakati wa masika hili ni la kawaida.

D nao haukuota, sawa na A. Hapa ndipo uaminifu wako unapopimwa. Maana yake huwezi kusema ukavu ndio uliozuia. Labda spora zilizotua dakika 30 hazikutosha. Rudia A na D peke yake kwa kuvipa hewa saa 2.

Vipande vitatu vya kundi moja vinatofautiana sana. Toa namba ya kila kimoja pamoja na wastani. Usifute kile kinachokuharibia grafu.

## Hatua ya 9: Andika hitimisho linalosimama

Chora grafu ya mistari: siku upande wa chini, asilimia ya wastani upande wa kushoto, mistari minne yenye rangi nne. Chini yake jedwali la siku ya kwanza ukungu ulipoonekana kwa kila kipande.

Hitimisho baya huandikwa hivi: "Maji husababisha ukungu." Maji hayasababishi. Spora ndizo zinazoota, maji yanaziruhusu.

Hitimisho zuri lina mipaka yake ndani. Kwa mfano: "Katika boksi lenye nyuzijoto 27 hadi 30, mkate uliokaushwa haukuota ukungu kwa siku 10. Mkate uliokaushwa vilevile kisha ukarudishiwa maji uliota. Kwa hiyo katika jaribio hili ni ukosefu wa maji, si kupashwa moto, uliozuia ukungu." Weka namba zako.

Jaji akikuuliza faida yake, una jibu karibu na nyumbani. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi ya kuhifadhiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kundi lako A ni ghala lililokausha vizuri. Kundi D ni ghala lilelile baada ya paa kuvuja. Mahindi yaliyokauka yakarowana tena hayalindwi na jua la mwezi uliopita.

## Hatua ya 10: Kutupa

Fanya na mtu mzima, nje, ukiwa na glovu na barakoa.

Vikopo vitupwe vikiwa vimefungwa. Viviringishe kwenye gazeti, vitie kwenye mfuko mmoja, vipeleke kwenye taka zinazozolewa. Kama kwenu ni shimo, vifukie chini kabisa, si juu juu. Usichome moto, plastiki ikiyeyuka itafunguka na moshi wake ni sumu kwenye mapafu ya mtaa mzima.

Ukilazimika kurudisha vikopo vya kuazima, jaza ndoo maji sehemu tisa na jiki sehemu moja, zamisha kikopo kizima, kisha kifungue kikiwa chini ya maji ili spora zisiruke. Kiache hadi kesho yake. Usichanganye jiki na siki wala dawa ya choo, hutoa gesi inayoumiza. Kikopo hicho kitawekewa misumari au vifungo, chakula tena hapana.

Meza, sinia na boksi vifutwe kwa maji ya jiki. Katoni itupwe.

Halafu kuna bibi au jirani atakayesema mkate usitupwe, wapewe kuku. Mweleze kwa heshima kwamba sumukuvu huwadhuru kuku pia, na mkate huo haujapimwa una nini. Akisisitiza, mpe slesi zilizobaki kwenye karatasi yake, kama bado ni safi.